Nishani Imefika Katumba

S.L.P. 74,
Majengo, Mpanda.
15 Desemba 1996

Mpendwa dada Tereza,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye bado hajapatikana wa kumshinda sura hapa Mpanda. Hujambo? Mguu umepona? Shemeji Zefania na watoto wanaendeleaje huko Morogoro? Sisi wazima. Mvua imeanza, mahindi yamefika magotini, adui yetu ni ngedere tu.

Basi nishani yangu ya ushujaa imefika. Siku ya Uhuru mkuu wa wilaya alinibandika kifuani mbele ya umati. Nilivaa ile suti ya Lusaka ya enzi nikiwa turniboi, utingo wa malori, viatu nikaazima. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mke wangu Recho akanuna.

Sasa dada, kaa chini. Ile barua ya mwezi wa nne, niliyokueleza nilivyoingia kwenye bani la kukaushia tumbaku linawaka moto kule Katumba, nikamtoa bibi Capitoline mgongoni, ilikuwa na uongo ndani yake. Mlango nilivunja mimi, kwa bega hili hili, hilo silipunguzi. Lakini moshi uliponipiga usoni nilirudi nyuma. Aliyeingia ni rafiki yangu Anicet, yule Mrundi. Ndiye aliyembeba bibi, paa likaanguka nyuma yao. Mikono yake yote miwili iliungua.

Bwana wa serikali alipokuja kuuliza habari, Anicet yuko hospitali, na mdomo wangu unaujua. Nikaanza kusimulia, watu wakashangaa, nikaona utamu, nikaongeza chumvi. Akaandika jina moja. Miezi minane sikusahihisha. Nikipita kwa Anicet najifanya nina haraka.

Kesho yake baada ya sherehe nikapanda baiskeli mpaka Katumba, nishani mfukoni. Nikamkuta mkewe Épiphanie anamlisha ugali, maana vidole bado havikunjiki. Nikaiweka nishani mkekani, nikamwambia, "Kaka, hii ni yako. Nilikuibia."

Akasema, "Na mlango ungevunja nani, Cletus? Mimi nilikuwa naupiga mateke kama mbuzi."

Bibi Capitoline, jirani yao, anamenya mihogo pale kando, akadakia, "Mimi nilikuwa sioni kitu, lakini sauti yako niliisikia huko nje, unamwita mama yako!"

Tulicheka mpaka machozi yakanitoka, na yalipotoka hayakuwa ya kicheko tena. Pini hawezi kuifunga, kwa hiyo nilimvisha mimi, kwenye shati lake la shamba.

Juzi nimekwenda wilayani nikaeleza yote. Wameandika, tunasubiri. Wakinifunga, uniletee maandazi.

Nina ombi moja, nalo linaniuma. Najua barua ya kwanza uliwasomea majirani wote, na shemeji akatembea nayo mpaka kazini kwake. Hii nayo wasomee wale wale. Usiruke mahali, hata pale pa kumwita mama.

Nisalimie Zefania, mama mkwe, na Lidia mwambie mjomba anamkumbuka. Mungu awaepushe na moto, na ukija awape nyie jirani kama Anicet.

Mdogo wako akupendaye,
Cletus, mvunja mlango.