Jiwe la Baba Pale Nyakoe

Kaka yangu mpendwa,

Hilo "mpendwa" nimeliandika kwa mazoea tu. Simu zangu hupokei tangu uhamie Nairobi, basi nakuandikia hapa, na atakayesoma asome.

Unakumbuka jioni za nyumbani Nyakoe? Malori yakitoka Oyugis, yakiguna kupanda mlima kuja Kisii, na baba ametulia kigodani akiyasikiliza. Barabara ile aliichimba ujanani, yeye na wenzake, kwa sururu na karai. Lori likishindwa na mlima alitutuma sisi wawili: "Kimbieni mtie jiwe kwenye tairi." Wewe ulitangulia, mimi nikabeba jiwe. Dereva akitutupia muwa, uliuvunja ukanipa kipande kikubwa. Kila mara kikubwa, kaka. Ndiyo maana inaniuma hivi.

"Nikifa mnilaze hapa juu, niyasikie yakipanda," alisema. Tukamlaza pale. Kisha tukaenda Tabaka, kwa wachonga mawe, kumchagulia jiwe la kaburi. Mimi nilitaka jeupe, wewe la waridi, tukabishana hadi mchongaji akacheka. Tukachukua lako, akalichonga jina la baba.

Halafu wakaja wapimaji, barabara ipanuliwe. Mimi nilikuwa kwangu Nyamira. Ilibidi barabara imeze upande mmoja: juu, alipolala baba, au chini, kwenye maduka yako. Wakakuuliza kama huko juu kuna kaburi.

"Hakuna. Ni migomba tu," uliwajibu. Mjomba alikuwepo, ndiye aliyenisimulia; hakukupinga kwa sababu wewe ndiwe mwenye boma.

Makaburi yetu mengi hatuyatii saruji. Tunapanda migomba, maisha yanaendelea. Ukishaondoa jiwe, mgeni atajuaje? Lakini wewe ulijua. Udongo wa kwanza uliutupa wewe.

Nilipokuja kupalilia, nilikuta lami yenye mstari mweupe. Nikasimama juu yake nalia, na watu wa bodaboda wakanipigia honi nisogee. Mpangaji wako akanionea huruma, akaniita dukani nikae kidogo. Mlangoni nikakanyaga kidaraja cha jiwe. Cha waridi. Tukakipindua pamoja: jina la baba lilikuwa limelazwa kifudifudi kwenye matope, wateja wakifutia viatu mgongoni.

Kikulacho ki nguoni mwako. Shuleni niliiandika hiyo kwenye insha bila kujua nasema nini. Ungeninyima shamba ningekusamehe, ndugu hugombana. Lakini umesimama mbele ya wageni ukamkana baba, ili upate kodi ya duka. Nina hasira nawe, na sioni aibu kuisema.

Jiwe singeweza kulipeleka kwangu. Binti aliyeolewa hasimiki jiwe la babake kwenye boma la mumewe, unajua. Tukalivingirisha hadi ukingoni mwa lami, karibu na baba iwezekanavyo. Huko ndiko liliko sasa.

Jana nilikwenda kulifuta vumbi. Lori la miwa likaja likapanda, likafika pale likashindwa, likaanza kurudi nyuma. Dereva akapiga kelele niweke kitu kwenye tairi. Sikufikiri. Nikalisukuma jiwe la baba, likashika. Baba mwenyewe angenituma.

Alipofaulu kufika juu, dereva alisimamisha lori, akarudi kunisaidia kulirudisha, akanipa muwa. Niliuvunja vipande viwili, kimoja kikubwa, nikabaki nimevishika vyote.

Kaa salama huko uliko.

Dada yako