Spika za Dada Yako Zimefika

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu uugue ghafla ukatuacha tukiwa bado tunaulizana unaumwa nini. Kalamu nimeishika mimi mkeo, kwa sababu binti yetu akianza kuandika analia, na dada yako haoni. Kwa hiyo utanivumilia. Ulishanizoea kwa maneno mengi, na leo huwezi hata kunikimbilia chumba cha nyuma.

Mchana ulikuwa fundi wa friji. Ukirudi unaoga, unakula, unaingia chumba cha nyuma kutengeneza spika. Si zile za kupigia matangazo barabarani. Zako zilikuwa masanduku ya plaiwudi nene, yaliyopigwa msasa mpaka yanateleza, ya kukaa sebuleni na kusikilizwa na mtu aliyetulia. Gundi uliiacha ikauke kwa raha zake, na ukiharakishwa unajibu, "Haraka haraka haina baraka." Nilipokuomba urekebishe bomba la jikoni, jibu likawa hilo hilo.

Na ulivyopenda kugonga vitu, jamani! Milango, makabati, kuta za watu. Siku ya kwanza ulipokuja kwetu kujitambulisha, wazee wametulia wanangoja useme neno la maana, wewe ukagonga meza ya baba yangu kwa kidole, ukatega sikio, ukasema, "Mzee, hii mbao imekauka vizuri." Mama akanivuta pembeni akaninong'oneza, "Mwanangu, huyu ni mzima kweli?" Baba ndiye aliyekutetea. Alisema mtu anayeisikiliza meza atamsikiliza na mke. Hakukosea. Ulinisikiliza miaka yote, hata siku nilizonuna nisiseme kitu, na kwa hilo nakushukuru kuliko mengine yote.

Lakini usidhani nimesahau mito yangu. Ulisema sanduku likiwa wazi ndani linanguruma ovyo, lazima litiwe kitu laini, na kitu laini kilichokuwa karibu kikawa mito ya kochi langu. Ikaanza kukonda mmoja baada ya mwingine. Nilipouliza, ukaniambia, "Debe tupu haliachi kuvuma, mke wangu," utafikiri wageni wataegemea methali. Na kile kiti chako cha kusikilizia je? Ulikiwekea alama za utepe sakafuni, ole wake atakayekisogeza akifagia. Sebule ilikuwa ya spika, sisi tulikuwa wapangaji tu.

Hata hivyo, sebule ile ilituletea watu. Jirani wa ghorofa ya juu, dereva wa lori mstaafu, alikuja amekunja ndita, akaapa kwamba besi ikimtikisia kitanda atatupeleka kwa mwenye nyumba. Hukubishana naye. Ulimkalisha kwenye kile kiti, ukapiga wimbo kwa sauti ya chini kabisa. Akamsikia mwanamke anaimba mbele yake, katikati ya spika mbili, mahali palipokuwa na ukuta mtupu. Mzee wa watu akainuka, akachungulia nyuma ya pazia. "Mmemficha wapi?" Tangu hapo ikawa kumtoa kwetu ni kazi, na chai yetu anaijua ilipo.

Na yule mwalimu wa chekechea, aliyekuwa amekaukwa na sauti kwa kupaza darasani, ulimtengenezea kisanduku cha kuongelea, chenye kipaza sauti kidogo, bila kungoja akuombe. Alikuja kwenye mazishi na kisanduku chake mkononi, akakitumia kukushukuru mbele ya watu wote. Tulimsikia hata sisi tuliokuwa nyuma.

Sasa nikuambie lililotukosesha raha mwaka huu. Unalijua.

Dada yako mkubwa, aliyekulea wazazi wenu walipofariki, alikuomba kitu kimoja tu baada ya macho kumzimika kabisa. "Redio yangu inaongea kama mtu aliyefungiwa kabatini," alikuambia. "Mimi nataka watu waje hapa sebuleni, wakae na mimi." Ukamwahidi. Ukakata mbao, ukaunganisha masanduku, ukaugua. Kitandani ulinishika mkono ukasema, "Zile za dada zisilale." Basi, hukusema zaidi.

Zikalala. Nilikifunga chumba cha nyuma kwa sababu harufu ya gundi ilikuwa wewe mtupu, na sikuiweza. Wiki zikapita, miezi ikapita, nikawa napita mbele ya mlango ule kama mtu anayemkwepa mgeni. Mpaka dada yako akanipigia simu. "Wifi, sikuharakishi," alisema, "lakini mimi ni mtu mzima, kesho yangu siijui. Yule mdogo wangu hajawahi kuniahidi kitu akanidanganya. Sitaki aanzie kaburini." Nikalia nikachoka. Kisha nikatafuta ufunguo.

Kazi tuligawana. Binti yetu, ambaye ulimfundisha kulehemu nyaya mimi nikipinga kwamba ataungua vidole, alishika nyaya. Jirani akashika msasa, na kila alipoinama alilaumu mgongo, lori na serikali. Mimi nikapewa kujaza ndani. Mto wa mwisho wa kochi niliuchana mwenyewe, kwa mikono yangu. Cheka tu, najua unacheka.

Tulipozifikisha kwa dada yako, tulimkalisha kwenye kiti, tukaunganisha amplifaya yako, tukapiga wimbo anaoupenda. Mume wangu, ilikuwa aibu. Besi haipo. Mwimbaji hajulikani yuko wapi, sauti imetawanyika chumba kizima, haina kichwa wala miguu. Dada yako akageuza uso kushoto, akageuza kulia, akitafuta. Halafu akatabasamu lile tabasamu la adabu. "Ni nzuri," akasema. "Asanteni wanangu, mmehangaika."

Kule kutushukuru kwake ndiko kulikoniumiza. Heri angetugombeza. Jirani akasema labda plaiwudi iliingia unyevu. Binti yetu akasema labda mkono wa baba yake hauigiki. Mimi nilikaa sakafuni, nikaona kwamba ndiyo hivyo, ahadi yako imevunjika, na walioivunja ni sisi.

Hapo ndipo nikakukumbuka na betri. Kila ulipomaliza spika uliigusisha nyaya kwenye kibetri kidogo, ukaikodolea macho. Siku moja nilikuuliza, "Wewe bwana, huo ni mchezo gani?" Ukanionyesha: karatasi ya spika inaruka mbele kidogo, au inarudi ndani. Ukasema, "Zote mbili lazima zisukume pamoja. Moja ikisukuma nyingine ikivuta, zinakulana sauti." Nilidhani unaniletea maneno ya kujisifu kama kawaida yako, nikarudi kupika.

Tukachomoa betri kwenye ile redio ya dada. Tukagusa sanduku la kwanza: karatasi ikaruka mbele. Tukagusa la pili: ikarudi ndani. Binti yetu akashika kichwa. "Mama, nimegeuza nyaya! Zote zilikuwa nyeupe, halafu nilikuwa nalia, sikuona alama." Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, kicheko changu cha kwanza tangu tukuzike, na dada yako akawa anauliza, "Kuna nini? Wifi, kuna nini?" Jirani alikuwa ameshachukua bisibisi, anafungua skrubu huku akisema kwamba yeye alijua tangu mwanzo. Mwongo mkubwa!

Tukageuza zile nyaya, tukafunga, tukapiga wimbo upya.

Besi ikatugusa kifuani. Na yule mwimbaji akatoka kwenye masanduku, akasimama katikati, kama ulivyokuwa ukituonyesha kwa spika zako. Dada yako akaacha kugeuza kichwa. Akainuka bila fimbo, akatembea taratibu kuelekea kule, na binti yetu alipotaka kumshika mkono nikamzuia. Alipofika kati ya spika akanyoosha mkono hewani, kimo cha uso wa mtu.

"Yuko hapa," akasema. "Jamani, amekuja. Yuko hapa hapa."

Akasimama vile mpaka wimbo ukaisha, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Kisha akatuomba tuzime kwanza. Akakuita kwa lile jina lako la utotoni, ambalo sisi wengine haturuhusiwi kulitumia, akasema, "Nimezipokea, mdogo wangu. Hukunidanganya. Pumzika."

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo, binti yetu, dada yako mkubwa, na jirani wa juu, ambaye ameng'ang'ania aandikwe humu kama ndugu, nasi tumemwandika. Tunashukuru kwa kila siku uliyokuwa wetu, na kukukumbuka hatutaacha.