Ile Nyama ya Kifaransa

Dada yangu,

Sisi wazima. Jana nimepika ile nyama ya Kifaransa uliyonielekeza, moto mdogo, mchana kutwa. Hebu niambie, kwa nini nyama ikaushwe kwa kitambaa halafu izamishwe kwenye mchuzi? Mvinyo sikutia, unamjua baba, nilitia siki.

Baba akaonja. "Nani kakufundisha?"

"Dada."

Kijiko kikasimama hewani. Tangu uolewe bila ridhaa yake, miaka sita sasa, hakuna anayethubutu kukutaja mezani. Nikajua nimeshaharibu. Akala yote, akafuta sahani kwa mkate mpaka ikang'aa.

Leo asubuhi, akifunga viatu, kaniuliza bila kunitazama: "Huko kwake wanaila na nini?"

Jibu mwandikie yeye, dada.

Mdogo wako, bado nanuka vitunguu