Sababu ya Safari

Nizwa, Jumanne

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Asubuhi hapa ni baridi ya sweta. Halua yao nzuri, ila mkate wa kumimina hawauwezi kama wewe.

Kwenye darasa la sheria tumefika kwenye haki ya kila mtu ya kuondoka nchi yoyote na kurudi nchini kwake. Jana nilikuwa nikilisoma somo hilo kwa sauti, Bi Zuhura, mama wa mwenyeji wangu, akanisikia. Akaniletea fomu ya viza ya kuja huko Unguja, iliyokaa kabatini miaka mitatu. Pote pamejazwa isipokuwa sababu ya safari. Mwanawe alitaka kuandika utalii, Bi Zuhura akamnyang'anya kalamu.

"Mtalii, mimi? Mkunazini ya Unguja nimezaliwa, Mkunazini nimeolewa. Kamuulize mwalimu wako hapo huandikwa nini."

Leo nilimuuliza. Akasema wanasheria bado wanabishana nchi ya mtu ni ipi. Nilimfikishia Bi Zuhura jibu hilo kama lilivyo. Akanimiminia kahawa kwanza.

"Waache wabishane. Dada yangu huko Unguja yuko kitandani, mgonjwa, wallahi hawezi kuwangoja. Andika: nakwenda kumwona dada."

Nikaandika. Kesho mwanawe ataipeleka ubalozini Maskati, na hakuna ajuaye watasemaje.

Wabusu watoto, na dawa ya presha usiiache hata ukijisikia mzima. Mimi nami nikipewa fomu ile leo, nitaijaza hivyo hivyo.

Nduguyo,
Hamadi