Matairi ya Lorraine na Ahadi Niliyoivunja

Lucky Summer,
Nairobi.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Simiyu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Lucky Summer. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Millicent na watoto, na kwamba jua la huko Perth bado halijaanza kuwachoma. Goti lako je? Ulisema baridi ikipita, maumivu nayo hupungua. Sisi hatujambo. Triza alisumbuliwa na kifua mwezi wa tisa, lakini sasa amerudi kwaya na majirani wote wanajua amepona. Mimi presha imetulia. Daktari amenikataza chumvi, nami namtii siku tano kwa wiki.

Kule Kimilili mahindi yalikuwa mazuri mwaka huu. Ile migomba uliyopanda nyuma ya nyumba ya mama imezaa mpaka imeegemezwa miti.

Najua utashangaa kuona karatasi. Lorraine ananicheka, anasema ningepiga simu tu. Lakini kwenye simu huwa unanikatiza, na jambo hili nataka ulisikie mpaka mwisho kabla hujasema neno.

Jambo lenyewe ni pikipiki ya binti yangu. Mwezi wa nne uliniambia nihakikishe imeuzwa kabla ya Krismasi, nami nikakuahidi. Haijauzwa. Tena si hivyo tu. Nimemchagulia matairi mapya kwa mikono yangu mwenyewe.

Sasa vuta pumzi nikueleze.

Unajua tangu Machi, alipolileta nyumbani lile dude la buluu, sikumsemesha habari zake. Si boda boda ile, ni pikipiki kubwa ya mbio, mtu huilalia kifudifudi kama anayechungulia kisima. Tulisalimiana, tulikula meza moja, tuliongea habari za kazi yake ya kutengeneza lifti. Lakini akiiwasha asubuhi, mimi niligeukia ukutani. Ana miaka ishirini na tisa, hununua vitu kwa jasho lake, ningemfanya nini? Nilinuna tu. Nilidhani kununa kutamchosha.

Jumamosi moja mwezi wa nane alikuwa anaiosha uani, nami nimekaa na chai. Alipolizungusha gurudumu la nyuma nikaona tairi. Simiyu, mimi nimefanya kazi miaka thelathini na miwili kwenye kiwanda kile cha Baba Dogo cha kuvisha mpira mpya matairi makuukuu ya malori. Kazi yangu ilikuwa kuyakagua kwa mkono kabla hayajaingia kwenye tanuri. Mkono huu hauwezi kuona tairi bovu ukatulia. Hilo lilikuwa limelika katikati mpaka likawa bapa kama mkate, pembeni bado zima, kwa kuwa kila siku yeye huenda moja kwa moja kazini na kurudi.

Nikajikuta nimesimama nalishika. Nikamwuliza, "Hili utalibadilisha lini?"

Akaacha kitambaa. Aliniangalia kama mtu aliyesikia ukuta ukiongea. Akasema, "Leo. Nimepata ya mbio, laini kabisa, bei nusu. Ziko duka fulani mjini." Halafu akaongeza, "Baba, unaweza kuja uziangalie?"

Nilikuwa na jibu langu tayari tangu Machi, na lilikuwa hapana. Nikaingia ndani kuvaa viatu.

Nilikataa kubebwa. Nilipanda gari yeye akatangulia, tukakutana huko mjini. Duka sitalitaja. Matairi yalikuwa yanang'aa kama viatu vya bwana harusi, na kung'aa huko ndiko kulikonishtua, maana mpira mpya haung'ai hivyo. Nikaomba tochi ya simu nikatafuta zile namba nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Nikasoma 1417. Wiki ya kumi na nne, mwaka wa 2017.

Nikamwambia muuzaji, "Hili lina miaka minane."

Akasema, "Mzee, hii ni kitu mpya. Haijawahi kuguswa na lami."

Nikamjibu, "Hata mkate ambao haujaumwa huota ukungu." Nikabonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuacha alama. Mpira ulikuwa umekauka, wamepaka mafuta juu. Lorraine alibonyeza naye, akanitazama, tukatoka bila kubishana. Moyoni nilifurahi sana, kwa sababu mbaya. Nilidhani akikosa matairi atachoka na pikipiki yenyewe.

Lakini unawajua watoto wetu walivyo. Akasema tuende Eastleigh. Kuna mzee mmoja hapo First Avenue anaitwa Dirie, ana miwani ya kamba shingoni, anauza matairi ya pikipiki kubwa peke yake. Tukamkuta anakunywa chai ya maziwa. Hakutuonyesha kitu kwanza. Alimwuliza Lorraine, "Dada, hii pikipiki unapanda siku gani?"

"Kila siku. Naenda nayo kazini."

"Na mvua ikinyesha?"

"Na mvua pia."

Mimi nikawaingilia. Nilikuwa nimeshaona lile nililolitaka, gumu kuliko yote dukani, lenye meno marefu. Nikasema, "Mpe hili, litakaa miaka."

Lorraine akacheka, lakini si kwa dharau. Aliweka kiganja mezani wima, halafu akakilaza polepole upande mmoja. "Baba, hii si lori. Lori haiinami. Mimi kwa kona nainama hivi, na hapo pembeni ndipo napokanyagia. Pembeni ikiwa ngumu, naenda chini."

Miaka thelathini na miwili, Simiyu, na sikuwahi kulifikiria hilo. Tairi la lori hukanyaga bapa. La pikipiki limeviringika, na katika kona lote linalokushikilia ni kipande cha ukubwa wa kiganja. Nikavua kofia.

Basi naye akataka yale laini ya mbio, hata kama ni ya bei kamili. Dirie akatikisa kichwa. "Hii laini nzuri, lakini inataka kupata moto kwanza ndio ishike. Wewe asubuhi, kutoka Lucky Summer mpaka Upper Hill, na baridi na msongamano, itapata moto saa ngapi?"

Akatuletea aina ya tatu. Katikati mpira mgumu, ili usilike upesi barabara ikinyooka. Pembeni mpira laini, wa kushika kwenye kona. Na mifereji ya kutosha kutupa maji nje. Nilisoma namba nikakuta 2225, yaani mwezi wa tano au sita mwaka huu huu. Nikabonyeza, ukucha ukaacha alama na alama ikarudi yenyewe. Lorraine akalalamika kidogo kwamba halina sura ya mbio. Nikamwambia, "Wewe utakuwa juu yake, sura utaionea wapi?" Dirie akacheka mpaka chai ikamwagika.

Tulichukua la mbele na la nyuma, maana mzee alisema yanakwenda kwa jozi, jipya na kuukuu hugombana kwenye kona.

Sasa, mdogo wangu, nifike pale ambapo ni pagumu.

Nilipokuwa nimelishika lile tairi mapajani nikakumbuka Webuye. Nimekuwa nikisema miaka yote hii kwamba pikipiki ilikuvunja goti. Mama alisema hivyo, wewe unasema hivyo, na ndiyo sababu ulitaka ya Lorraine iuzwe. Lakini asubuhi ile ya mwaka wa tisini na sita, tulipokuwa tunachelewa harusi ya binamu yetu Nabiswa, mimi ndiye niliyekusukumia ile pikipiki kutoka kibandani. Niliona tairi la nyuma. Nyuzi zilikuwa zimeanza kuonekana. Nilikuwa mwaka wa tano kazini, nilijua ninachokiona. Nikasema moyoni, ni safari fupi, tutalibadilisha Jumatatu. Sikukwambia. Ukapanda ukaenda, nami nikafuata kwa gari la wana kwaya, na tulikukuta pale kwenye kona umelala.

Sijawahi kumwambia mtu, hata Triza.

Pale kwa Dirie nilijikaza nisiseme. Tukaenda Shauri Moyo kwa fundi, Lorraine akanisogezea kigoda, akasema, "Kaa hapa uangalie." Nikaangalia. Nilihakikisha mshale ubavuni unaelekea upande wa mwendo, nikasimama hapo mpaka gurudumu likapimwa likazunguka bila kuyumba. Fundi alinikasirikia kidogo, lakini nimezoea. Nikamwambia binti aendeshe polepole siku za kwanza, kwa sababu tairi jipya lina utelezi wa kiwandani mpaka lichunwe na barabara. Akaitikia, "Sawa, Mzee." Na aliendesha polepole kweli. Nilimfuata kwa macho mpaka alipokata kona.

Mwezi jana mvua ilipoanza, alirudi jioni akiwa amelowa, akakaa mezani bila kuvua koti. Triza akamwekea chai. Akasimulia kwamba Outering Road lori lilikuwa limemwaga dizeli, gari lililo mbele yake likafunga breki ghafla, naye akafunga na kukwepa. Alisema nyuma ilicheza mara moja, kisha ikashika. Akasema, "Baba, zile za mjini zingeniangusha."

Triza akaanza kumshukuru Mungu. Mimi nikasukuma kikombe kando. Nikawaambia habari za Webuye hapo hapo, wote wawili. Triza akanishika bega. Lorraine alilia. Nilidhani ananililia mimi, lakini alipofuta macho akasema, "Mbona unaniambia mimi? Mwambie Anko."

Ndiyo maana ninakuandikia. Nisamehe, Simiyu. Umetembea na goti hilo miaka ishirini na tisa ukilaumu chuma, na mtu wa kulaumiwa alikuwa anakusukumia kutoka nyuma. Sisemi pikipiki haina hatari. Nasema siku ile kulikuwa na neno moja la kusemwa, na mimi ndiye niliyekuwa nalo.

Jambo jingine, ucheke kidogo. Lorraine alienda kuwasimulia wenzake, wasichana wanaoendesha mapikipiki kama yake. Jumapili moja baada ya ibada nikasikia ngurumo langoni, nikatoka nikakuta mashine tatu zimepangwa uani kwangu na wenyewe wamevua helmeti, wanangoja nishike matairi. Triza ikabidi aongeze unga wa chapati. Mmoja anaitwa Eve, ni mwalimu wa chekechea, mwembamba huyo, utadhani upepo utambeba. Tairi lake la mbele lilikuwa na uvimbe ubavuni, mdogo kama harara. Maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Nikamwambia, "Hii haitoki hapa leo."

Walikuwa na safari ya Nakuru mchana huo. Alikasirika. "Lakini Mzee, nimekuja nayo mpaka hapa na haikupasuka!" Nikamwambia anikasirikie tu, nimekaa. Mwishowe wote wakaahirisha safari, wakala chapati mpaka zikaisha, na Eve akarudishwa kwao Kariobangi nyuma ya Lorraine. Jumanne alikuja na tairi jipya begani, akanipa kwanza nisome namba ndipo akamwita fundi.

Tangu nistaafu nilikuwa nahesabu siku kwa gazeti. Siku hizi Jumapili nina kazi. Hata wanaume wa boda hapa stejini wameanza kuniita nipite niwaangalilie.

Usidhani siogopi. Lorraine akichelewa bado nakaa karibu na dirisha, na Triza bado ananiambia niache kuchungulia. Hofu haijaondoka. Ila hatununiani tena. Kila asubuhi kabla hajawasha tunapima upepo pamoja, matairi yakiwa baridi, yeye anasoma kipimo na mimi naandika.

Kwa hiyo ahadi yako nimeivunja, na kosa la Webuye nimekuungamia. Una haki ya kunikasirikia kwa yote mawili. Ukikasirika, tafadhali kasirika kwa barua, tena ndefu, nijue bado unaniandikia.

Nisalimie Millicent, umwambie picha ya watoto tumeiweka sebuleni juu ya redio. Salamu zako Triza nimempa kabla hujazituma. Lorraine anakusalimu sana na anasema ukitua Disemba atakuja uwanjani kukupokea, kwa teksi, usiogope.

Mungu alinde kutoka kwako na kuingia kwako, akupe usingizi mtamu na miguu isiyouma, na atukutanishe mezani tukiwa wazima.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda na ninayekungoja,

Nyongesa