Maziwa Yangu Nisiyoyasikia

Jumatatu, 3 Juni 2024
Tumerudi nyumbani Keko, mie na binti yangu Marietha. Majirani wamekuja kumtazama mtoto, wakaishia kukitazama kiti changu cha magurudumu. Nikawaambia tazameni bure, mie mlemavu wa kimataifa — mgongo umevunjikia Tunduma, juu ya lori la mitumba, mzigo wa Lusaka. Toka kifuani kushuka sisikii kitu. Na mtoto nimezaa! Wenye migongo mizima waje tushindane.

Leonardi, mume wangu, fundi makochi, kanichongea mto wa sponji wa kuweka mapajani. Mtoto analala juu yake, ananyonya. Mie bosi.

Jumatano, 5 Juni
Maziwa yanasuasua. Nesi, sista Mwajabu, kanieleza: kwa wenzangu mtoto akinyonya, titi linapeleka habari kichwani, maziwa yanashuka. Mie waya umekatika. Basi habari ianzie kichwani — mtazame mtoto, mnuse, muwaze. Nikamwambia sista, kuwaza ndo fani yangu.

Jumatatu tunampeleka kupimwa uzito. Akipungua tena, maziwa ya kopo. Mwili huu umeninyima mengi. Hili moja naliomba.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe kafika toka Masasi. Shikamoo yangu hata hajaiitikia vizuri, kauliza maji ya moto yako wapi. Mzazi lazima akandwe, asipokandwa tumbo linabaki gunia. Kaloweka taulo, kabandika tumboni. Akasema nikiungua niseme. Nikamjibu, mama, piga kazi, mie chuma.

Kichwa kikaanza kugonga. Jasho la uso. Mwili ukiumia huko chini, kengele inalia huku juu — lakini nikadhani ni mvuke. Kuinua taulo, malengelenge. Akapiga ukunga yeye, kwa niaba yangu.

Bajaji, hospitali. Presha ilikuwa imepanda vibaya, sasa imeshuka. Wamenifunga vidonda. Nipo, namshukuru Mungu.

Jumapili, 9 Juni
Toka jana maziwa ni matone. Sista kasema kwa simu: asiponyonya vizuri mchana huu, mpeni kopo, msingoje kesho. Limeshanunuliwa. Sibishi, mtoto kwanza.

Mama mkwe kakaa mlangoni, khanga usoni. Nikamwita aje anishikie mtoto.
"Nimekuchoma, mwanangu."
"Umenichoma nisikosikia, mama. Ungenichoma ulimi ndo tungegombana."
Kacheka huku analia. Kaja.

Sasa kamshika Marietha kichwa, kamweka titini. Mie naandika kwa mkono mmoja, namnusa utosi. Ananukia mafuta ya nazi na mbao za baba yake. Namuwaza amekua, ananibishia. Kama yanashuka mie sijui, hiyo habari hainifikii. Mpaka umsikie mtoto akimeza.

Leonardi kauliza dirishani, vipi? Mama mkwe kamwonyesha kidole, nyamaza. Kainama, sikio kwenye koo la mtoto. Khanga imemdondoka, haiokoti.

Mama, unasikia? Ananishika mkono, ananibana, anaachia, ananibana tena, kama anahesabu mtoto anavyomeza —