Siku Uliyobadilisha Antena za Laptopu Yangu

Mpendwa Mwaitu wangu,

Tangu ulipozaliwa tukakupa jina la mama yangu, nimekuita Mwaitu, yaani mama, na labda ndiyo maana sikuwahi kujua kukugombeza vizuri. Nani humgombeza mamake? Jana ulinipigia simu kusema umefanywa mkuu wa mafundi huko Nairobi, nami nikajibu, "Haya, vizuri," kisha nikauliza kama kunanyesha. Simu ilipokatika nilijiona mjinga. Ndipo nikachukua kalamu.

Unaikumbuka ile laptopu ya mtumba niliyoandikia barua za kanisa? Zahanati ya jirani hapa Kalama ilituruhusu kutumia intaneti yake, lakini ndani ya nyumba yetu haikufika. Kila nikitaka kutuma barua, mimi katibu mzima wa kanisa nilienda kusimama kando ya ua wa zahanati, laptopu mikononi kama sinia ya chai, manesi wakinicheka. Wewe ndio kwanza ulikuwa umemaliza shule, na nilikuwa nimeshakuletea fomu za chuo cha ualimu cha hapa karibu, usome ukilala nyumbani.

"Baba, shida sio zahanati," ukaniambia. "Hii kitu iko na kadi mzee ya kushika intaneti, na waya za antena zimekatika hapa inakunjwa. Nikiitengeneza ishike hapa kwa meza, utaniwacha niende Nairobi nisomee hii kazi?"

"Ikishika, utaenda," nikasema. "Isiposhika, ni ualimu, na sitaki maneno."

Ulirudi kutoka Machakos mjini na kadi mpya na antena mbili. Jumamosi mchana ukaifungua laptopu yote. Ulibandua fremu ya kioo, ukalaza antena pembeni mwake, ukapitisha waya kwenye bawaba polepole hadi ilipokaa kadi, kila waya na kichwa chake kidogo kuliko punje ya mtama. Mimi nilijifanya nasoma gazeti. Ulipoiwasha, haikuona mtandao wowote.

"Si nilikuambia?" nikasema, tena kwa haraka mno.

"Baba, ngoja kwanza. Usiniongeleshe."

Ukafungua skrubu zote upya. Vile vichwa vya waya vilikuwa vimekaa tu juu ya kadi, havijabana. Ukavibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, nikasikia ta, ta. Safari hii mtandao wa zahanati ukaja umejaa, pale pale mezani. Jasho lilikuwa limekujaa puani, nami nikasema chai inapoa. Hilo tu! Lakini kesho yake kanisani nilimwambia kila mtu, hadi mchungaji akaniomba nimwache aanze ibada.

Nimekusifu kwa watu wote isipokuwa wewe. Basi nisikie sasa: najivunia wewe. Najivunia mikono yako, na ule ubishi wako wa kufungua skrubu mara ya pili huku babako anakucheka.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Ulipokuwa ukizifungua hizo skrubu upya, niliinamisha kichwa nyuma ya gazeti nikaomba isishike. Sikuwa na shaka nawe hata kidogo. Mama yako alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia, na nilijua ikishika, nitabaki peke yangu katika nyumba hii. Namshukuru Mungu kwamba hakunisikiliza.

Usinipigie mara tu ukimaliza kusoma; nitaona haya. Ngoja hata siku mbili.

Ni mimi,
Babako